Nakala, Bandia na Jina: Uhakiki wa Maadili ya Kunakili na Kuuza Maunzi Huria

Utangulizi

Mtu akikupa mbegu, akakuambia panda, vuna na uuze utakavyo, je, ana haki ya kununa siku atakapokukuta sokoni na gunia lako? Swali hili linaonekana jepesi, lakini limewagawa wabunifu wa vifaa vya elektroniki kwa takriban miaka 20 sasa. Wapo waliochora bodi na mashine zao, wakatoa michoro hiyo kwa watu wote bila malipo, kisha wakaumia walipoona wengine wakiitumia kutengeneza vifaa vilevile na kuviuza kwa bei ya chini. Wapo pia walionakili na kuuza, na hawaoni kosa lao liko wapi.

Katika makala hii ninahakiki andiko fupi ambalo Massimo Banzi, Mwitaliano aliye miongoni mwa waasisi watano wa Arduino, alilitoa mwaka 2013 kuhusu bodi zinazonakiliwa kutoka kwenye bodi yao. Nimelichagua kwa sababu ni jaribio la wazi la kuzipanga nakala katika makundi ya kimaadili, tena likifanywa na mtu aliyenakiliwa kuliko karibu wabunifu wote wa wakati wetu. Nimelichagua pia kwa sababu lina pengo ambalo halionekani mpaka msomaji arudi nyuma na kuuliza Arduino yenyewe ilitoka wapi.

Hoja yangu ni hii: katika maunzi huria, kunakili si kosa, na kuuza si kosa. Kosa ni kuiba jina, kuficha chanzo, na kufunga mlango ambao wewe mwenyewe uliupita ukiwa wazi. Tukipima kwa kipimo hiki, tutaona kwamba mara nyingine mchuuzi wa nakala za bei nafuu yuko safi, na mwasisi anayesifiwa ana deni.

Maunzi huria na ruhusa ya kuuza

Tukisema programu huria, wengi wanaelewa: ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake umewekwa wazi ili yeyote ausome, aubadilishe na ausambaze. Maunzi huria ni wazo hilohilo likihamishiwa kwenye vitu vinavyoshikika: bodi za saketi, printa za 3D, vipimio vya maabara, hata vifaa vya hospitali. Mbunifu hutoa michoro, orodha ya vipuri na maelezo ya namna ya kuviunganisha. Mwaka 2011 wadau wa uwanja huu walikubaliana juu ya fasili yake, na mwaka uliofuata ikaundwa jumuiya ya kuisimamia nchini Marekani. Kuhusu biashara, fasili hiyo haina kigugumizi. Inasema leseni haipaswi kumzuia mtu yeyote kuuza kifaa kilichotengenezwa kwa michoro hiyo, wala kumdai malipo kwa kukiuza. Inaruhusu pia mambo mawili ambayo tutayahitaji hapo mbele: leseni inaweza kudai kwamba chanzo kitajwe, na inaweza kudai kwamba kazi iliyotokana na kazi ya awali ibebe jina tofauti.

Kwa hiyo anayenakili ili auze hajaruka ukuta. Mlango ulifunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, tena kwa maandishi.

Kuna tofauti moja kati ya programu na maunzi ambayo wengi wanaisahau wanapotoa lawama. Kunakili programu karibu hakugharimu chochote. Faili moja huwa mbili kwa kubofya. Bodi haizaliwi kwa kubofya. Lazima shaba itengenezwe njia zake, chipu zinunuliwe, vipuri vilehemiwe, kila bodi ijaribiwe, ifungashwe na isafirishwe. Anayeuza nakala ya bodi anauza pia malighafi na kazi ya mikono. Akiiuza kwa bei ya chini kwa sababu anatengeneza maelfu kwa mkupuo mmoja huko Shenzhen, unafuu huo haukutoka mfukoni mwa mbunifu. Umetoka kwenye kiwanda.

Sheria nayo haitusaidii sana hapa. Hakimiliki hulinda mchoro kama mchoro, lakini kwa kawaida hailindi kazi ambayo kifaa kinafanya. Kinacholinda ubunifu wa kiufundi ni hataza, nayo ni ghali, na mbunifu huria ameiacha kwa hiari yake. Leseni maalumu zimejaribu kuziba pengo hilo, kwa mfano ile iliyotolewa mwaka 2011 na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, na kuandikwa upya mwaka 2020. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale yanayotendeka kati ya mbunifu na mnakili inabaki nje ya mahakama. Inabaki kwenye adabu. Ndiyo maana naona suala hili ni la maadili kabla ya kuwa la wanasheria.

Aina nne za Banzi

Arduino ilizaliwa mwaka 2005 katika chuo cha usanifu mjini Ivrea, kaskazini mwa Italia. Waasisi wake, Massimo Banzi, David Cuartielles, Tom Igoe, Gianluca Martino na David Mellis, walitaka bodi ya bei ambayo hata mwanafunzi wa sanaa angeimudu, aiunganishe na kompyuta, aiandikie amri chache, na taa iwake au mota izunguke. Chuo hicho kilikuwa kinaelekea kufungwa, na kuitoa michoro kwa umma kulikuwa pia njia ya kuiokoa kazi isizikwe pamoja na chuo. Jina walilichukua kwenye baa waliyoizoea mjini humo. Michoro ikatolewa kwa leseni inayosema: taja chanzo, na ukibadilisha, toa kazi yako kwa masharti yaleyale. Jina Arduino halikutolewa. Hilo lilibaki alama ya biashara.

Andiko la Banzi linajengwa juu ya tofauti hiyo kati ya mchoro na jina. Mbali na bodi rasmi, anazipanga bodi nyingine katika aina nne. Ya kwanza ni nakala: bodi inayofanana na Arduino kwa kila kitu ila inauzwa kwa jina jingine. Ya pili ninaweza kuiita iliyotoholewa, kwa kutumia neno tulilolizoea katika isimu: bodi iliyoanzia kwenye michoro ya Arduino lakini ikaongezwa jambo jipya. Flora ya kampuni ya Adafruit ya New York, bodi ya duara inayoshonwa kwenye nguo, ni mfano mzuri wa aina hii. Ya tatu ni inayooana: haifuati michoro ile, lakini inaelewa amri zilezile. Ya nne ni bandia: imenakili michoro na pia imebandikwa jina na nembo ya Arduino bila ruhusa.

Sifa ya kwanza ya mpango huu ni kwamba unatupa msamiati pale ambapo sisi tuna neno moja tu la mtaani. Hapa Uganda, kama ilivyo kwa majirani zetu, kifaa chochote kisichotoka kwa mtengenezaji anayejulikana huitwa "feki". Mwanafunzi wa uhandisi akinunua bodi ya buluu iliyoandikwa UNO tu, bila neno Arduino popote, wenzake watamwambia amenunua feki, naye atacheka kwa aibu kidogo. Hakuna sababu ya kuona aibu. Bodi hiyo ni nakala. Haikusema uongo wowote. Bodi ya jirani yake iliyochorwa ramani ya Italia na kuandikwa kwamba imetengenezwa Italia, ilhali haijawahi kufika huko, ndiyo feki.

Neno "bandia" lenyewe lina funzo. Mtoto wa bandia ni mwanasesere, na msichana anayempakata mwanasesere hajadanganywa na mtu. Anajua si mtoto. Ubandia unakuwa hila pale tu mtu anapokuuzia mwanasesere akikuapia kwamba ni mtoto. Uwongo haumo katika kufanana. Umo katika kiapo. Banzi ameliona hilo vizuri, na hapa sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu unaanza anapoitazama aina ya kwanza, yaani nakala tupu. Hakatai kwamba inaruhusiwa, lakini hafichi kwamba haimfurahishi. Lawama yake ni kwamba watengenezaji wa nakala hawachangii chochote: hawaboreshi, hawafundishi, hawaandiki maelezo. Kipimo chake basi ni mchango unaorudi kwa Arduino na jamii inayoizunguka. Mimi naona kipimo hicho kimeelekezwa upande mmoja tu, upande wa mtoaji. Kinamsahau mpokeaji.

Bodi rasmi ya Uno kwa miaka mingi imeuzwa kwa kati ya dola 20 na 30. Nakala yake hupatikana kwa dola chache. Kwa mwanafunzi wa Ulaya tofauti hiyo ni mlo wa mchana. Kwa mwanafunzi wa Kampala, Bujumbura au Goma ni tofauti kati ya kujifunza kwa kushika kifaa na kujifunza kwa kutazama mchoro ubaoni. Mtengenezaji wa nakala hakuandika hata ukurasa mmoja wa mafunzo, ni kweli. Lakini ametimiza shabaha ileile iliyotajwa na waasisi: bodi imfikie mtu asiye na fedha. Kama hilo si mchango, basi shabaha ile ilikuwa maneno ya kupamba tu. Siamini ilikuwa hivyo, kwa sababu waasisi wenyewe walitoa michoro yao wakijua itafika mbali kuliko lori zao.

Ubaharia na unahodha

Wahenga walituasa tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Pengo kubwa la andiko la Banzi liko hapa.

Kabla ya Arduino kulikuwa na Wiring. Ilianza mwaka 2003 kama kazi ya shahada ya uzamili ya Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Colombia aliyekuwa akisoma chuoni hapohapo Ivrea. Banzi alikuwa mmoja wa wasimamizi wake. Mwingine alikuwa Casey Reas, ambaye pamoja na Ben Fry walikuwa wameanzisha Processing huko MIT mwaka 2001, programu ya kuwafundisha wasanii kuandika misimbo. Barragán alichukua mazingira ya Processing akayahamishia kwenye bodi. Alibuni amri fupi ambazo mtu asiye mhandisi angezielewa. Amri zinazofundishwa leo katika somo la kwanza la Arduino, za kuchagua pini na kuiwasha au kuizima, asili yake ni Wiring. Mwaka 2005 kundi la Arduino lilichukua msimbo wa Wiring, likaufanyisha kazi kwenye chipu ndogo zaidi na ya bei nafuu, na kuendelea kivyake. Barragán hakuwamo.

Mwaka 2016 alitoa simulizi yake ndefu kuhusu historia hiyo. Ukisoma simulizi hiyo kando ya andiko la Banzi la 2013, unaona jambo la kushangaza. Arduino, kwa msamiati wa Banzi mwenyewe, ilitoholewa. Ilikuwa na haki hiyo. Wiring ilikuwa huria, na hakuna sheria iliyovunjwa. Ilikuwa pia na ubora wake: bei yake ilishuka, na wafuasi wakaongezeka haraka. Kurasa za Arduino zimeitaja Wiring. Lakini kutaja kwa mstari mmoja si sawa na kusimulia asili. Dunia nzima ilisimuliwa habari ya marafiki watano na baa yao, na mwanafunzi aliyetangulia akabaki tanbihi.

Simwoni Banzi kuwa mwizi. Ninachosema ni kwamba mtu anayewapanga wengine katika ngazi za uadilifu wa kunakili angepaswa kuanza kwa kujipanga mwenyewe. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Andiko linalodai mnakili achangie na ataje chanzo lingekuwa na nguvu maradufu kama lingefungua kwa kusema: sisi pia tulinakili, na huyu ndiye tuliyemnakili.

Jasho la mbunifu

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Linasema hivi: ni rahisi kwa mwanafunzi kusifu nakala za bei nafuu, kwa sababu yeye hakukesha akichora. Mbunifu alitumia miaka, akatupa bodi nyingi zilizoungua, akalipa mishahara. Mnakili anaanzia pale mwenzake alipomalizia. Bei yake iko chini kwa sababu ndani yake hamna gharama ya kufikiri. Ikiwa kila mnunuzi atamkimbilia mnakili, nani atagharamia bodi inayofuata?

Pingamizi hili lina ushahidi. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha RepRap, mradi wa printa ya 3D inayoweza kuchapa sehemu zake nyingi yenyewe, na akaitoa kwa watu wote. Kutokana na mradi huo ikazaliwa MakerBot huko Brooklyn mwaka 2009, kampuni iliyojitambulisha kwa uhuria. Mwaka 2012 mtu mmoja nchini Marekani alitangaza kwamba atatengeneza nakala ya printa yao na kuiuza kwa bei ya chini, akaomba umma umchangie dola 500,000. Watu wengi walimshutumu, na hakufikia lengo. Mwezi Septemba mwaka huohuo MakerBot ilitoa printa mpya, na safari hii michoro haikutolewa. Mwaka 2013 kampuni ya Stratasys iliinunua MakerBot kwa hisa zenye thamani ya takriban dola milioni 403.

Ushahidi mwingine ni wa karibuni zaidi. Josef Průša wa Jamhuri ya Cheki, ambaye printa zake zinatokana na RepRap na zimenakiliwa mno, aliandika mwaka 2023 kwamba uhuria katika sekta yake uko hatarini, kwa sababu wapo wanaochukua bila kurudisha na hata kuombea hataza mambo yaliyotolewa bure. Michoro ya elektroniki ya printa yake mpya ya mwaka huo haikutolewa kama ilivyokuwa desturi yake.

Matukio haya mawili yanafanana kwa nje, lakini naomba tuyatofautishe. Průša analalamikia watu wanaofunga mlango nyuma yao: wanapita kwenye kazi ya wote, kisha wanaweka kufuli. Hilo ni kosa kamili, na namuunga mkono kulilaani, hata kama dawa aliyoichagua inanisikitisha. MakerBot ilikuwa na hali tofauti. Ilikuwa imepokea kwa Bowyer na kwa mamia ya waliochangia RepRap, ikakua kwa kazi yao, kisha ikafunga. Aliyeshutumiwa na umma ni yule aliyetaka kunakili na kuacha wazi. Aliyefunga aliuza kampuni. Ukiniuliza ni nani kati ya hao wawili aliyevunja maadili ya maunzi huria, jibu langu si lile la umma wa 2012.

Na je, mbunifu anaweza kula bila kufunga? Baadhi wameweza. SparkFun, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Nathan Seidle akiwa bado mwanafunzi huko Colorado, na Adafruit, iliyoanzishwa na Limor Fried mwaka 2005, zimeuza bodi zenye michoro wazi kwa miaka mingi huku zikinakiliwa. Wanachouza zaidi ya bodi ni mafunzo, ubora unaoaminika, na kasi ya kutoa kitu kipya kabla cha zamani hakijachakaa. Sidai kwamba kila mbunifu ataweza njia hiyo. Ninadai tu kwamba anayesema uhuria na riziki havikai nyumba moja anakanushwa na waliokwisha kuvikalisha.

Jina ni amana

Ikiwa mchoro ni mali ya wote, kwa nini jina libaki la mmoja? Kwa sababu jina halimlindi mwenye jina peke yake. Linamlinda mnunuzi. Mtu anayenunua bodi kwa jina fulani ananunua ahadi: kwamba ilijaribiwa, kwamba haitaungua akiichomeka, kwamba ikiharibika yuko wa kumuuliza. Anayebandika jina la mwenzake anaiba ahadi ambayo hana uwezo wa kuitimiza.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri tukiondoka kwenye taa na mota. Daktari Tarek Loubani, Mkanada mwenye asili ya Palestina anayefanya kazi pia Gaza, aliongoza mradi wa Glia uliobuni stetoskopu ya kuchapwa kwa printa ya 3D, yenye gharama ya dola chache. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba inasikika sawasawa na stetoskopu ya kampuni kubwa. Hapa kunakiliwa ndiko kulikokusudiwa. Kadiri hospitali nyingi zinavyonakili, ndivyo mradi unavyofaulu. Lakini hebu fikiria mtu achape stetoskopu kwa plastiki hafifu kisha aiuze akisema ndiyo ileile iliyopimwa. Atakayelipa gharama ya uongo huo si Loubani. Ni mgonjwa ambaye moyo wake haukusikika vizuri.

Mnunuzi ndiye huumia pia pale wenye majina wanapogombana. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu za kuunganisha bodi na kompyuta, ilitoa programu iliyozima chipu zilizoghushiwa kwa jina lake. Chipu hizo hazikuwa maunzi huria, na FTDI ilikuwa na haki ya kuchukia kughushiwa. Lakini aliyekuta kifaa chake kimekufa mezani si mghushi, bali mtu aliyenunua bila kujua. Adhabu ilimkuta aliyekwisha kudanganywa.

Waasisi wa Arduino wenyewe walionja uchungu wa jina. Walishirikiana kutoa michoro bure, lakini jina likawagawa. Kampuni ya Martino, iliyokuwa ikitengeneza bodi, ilikuwa imeliandikisha jina hilo Italia, huku wenzake wakiliandikisha Marekani. Mwaka 2015 ugomvi ulifika mahakamani. Kwa muda dunia ikawa na Arduino mbili, na moja ikalazimika kutumia jina Genuino nje ya Marekani, mpaka walipopatana mwaka 2016. Michoro iliweza kugawanywa kwa mamilioni ya watu bila kupungua. Jina halikuweza kugawanywa hata kwa watano.

Funzo la takhmisi

Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili tuna mfano wetu wa kunakili kwa adabu. Katika takhmisi, mshairi huchukua beti za mtangulizi wake na kuongeza mistari mitatu juu ya miwili iliyokuwapo, ubeti ukawa wa mistari mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anayetajwa pia kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, na kazi hiyo inaitwa Takhmisi ya Liyongo. Tazama jina hilo. Aliyeongeza mistari mingi si aliyetajwa kwenye anwani. Aliyetajwa ni aliyetangulia. Mistari ya zamani haikufichwa ndani ya mipya. Msikilizaji anajua wapi sauti ya kwanza inaishia na ya pili inaanzia.

Sisemi bodi ya saketi ni shairi, wala kwamba mafundi wa Shenzhen wasome tenzi. Ninasema kwamba wazo la kupokea, kuongeza na kutaja si geni kwetu, na linatosha kutoa kipimo kilicho bora kuliko ngazi ya Banzi. Kipimo hicho hakiulizi bodi yako inafanana na ya nani kwa kiasi gani, bali umefanya nini na ulichopokea. Umeiuza kwa jina lako? Umesema uliipata wapi? Umeacha michoro wazi kwa anayekufuata? Nakala ya dola chache yenye jina lake yenyewe inajibu vizuri swali la kwanza, na mara nyingi inashindwa la pili, kwa kuwa haina hata kijikaratasi cha kusema ilitoka wapi. Hapo ndipo lawama yake ilipo, na ni lawama ndogo kuliko ile anayopewa. MakerBot ya Septemba 2012 inafaulu la kwanza na kuanguka vibaya katika la tatu. Bandia inaanguka mlangoni.

Kipimo hiki kinatugusa sisi wenyewe pia. Kila mwaka katika vyuo vyetu wanafunzi wa uhandisi huonyesha miradi ya mwisho: vipimio vya unyevu wa udongo, kengele za wezi, mashine za kuatamia mayai. Mingi imejengwa juu ya bodi ya nakala, kwa msimbo uliochukuliwa kwa mtu fulani asiyejulikana, na kwa saketi iliyochorwa na mwingine. Hakuna ubaya. Ubaya ni pale ripoti inaposema "nimebuni" mahali ambapo ingepaswa kusema "nimeunganisha" au "nimeongeza". Na pale mradi unapoanza kuuzwa, ni wachache wanaofikiria kutoa michoro yao kama walivyotolewa. Tukiwalaumu wengine kwa kutorudisha, tuangalie na kabati zetu.

Hitimisho

Banzi alitufanyia hisani kwa kutenganisha nakala na bandia, na tofauti hiyo inastahili kuingia katika Kiswahili chetu cha kila siku ili neno "feki" lisiwabebeshe hatia wasio na hatia. Alipokosea ni kupima uadilifu wa mnakili kwa faida inayomrudia aliyenakiliwa, na kuandika kana kwamba Arduino ndiyo chanzo cha mto, ilhali nayo ni kijito kilichopokea maji ya Wiring, iliyopokea ya Processing.

Aliyetoa mbegu kwa hiari hana haki ya kumzuia mwenzake kuuza mavuno. Ana haki ya kutajwa anapoulizwa mbegu ilitoka wapi, ana haki ya kutosingiziwa mavuno yaliyooza, na ana haki ya kutarajia kwamba mpokeaji naye hatawanyima mbegu majirani. Haki hizo tatu ni chache, na mahakama haziwezi kuzilinda zote. Zinalindwa na wanaonunua, wanaofundisha na wanaosahihisha ripoti za wanafunzi, kwa kuuliza kila mara: hii ni ya nani, na wewe umeongeza nini?